Ibada saa 4 asubuhi au saa 8 mchana? Kupanga ratiba ya harusi ukizifikiria na picha

Wiki iliyopita dada mmoja alinipigia simu akiwa na furaha tele. Wamepata kanisa, Upanga, ibada saa 9:00 alasiri, Jumamosi ya pili ya Novemba. Ukumbi nao wameshalipia kianzio, uko Mbezi Beach. Akamalizia: "Na picha tunataka za ufukweni, dada yangu, zile jua linazama." Nikamwomba achukue kalamu tuhesabu pamoja.

Ibada ya saa 9 ikianza kwa wakati inaisha saa 10:45. Vyeti vikishasainiwa, matarumbeta yakishapigwa, watu wakishapongeza na picha za familia zikishapigwa pale nje, ni saa 11:30. Toka Upanga hadi ufukweni Jumamosi jioni, na msafara wa magari sita, weka dakika 45. Tumefika saa 12:15. Siku hiyo jua la Dar es Salaam linazama mnamo saa 12:19. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo tuna dakika nne?"

Bahati nzuri kadi zilikuwa bado hazijachapwa. Nimepiga picha za harusi jijini hapa kwa miaka kumi na moja, na ninaweza kusema kwamba picha nyingi mbaya nilizowahi kukabidhi ziliharibikia kwenye kikao cha kamati, miezi mitatu kabla sijatoa kamera kwenye begi. Kamati hupanga saa ya kanisa, saa ya ukumbi na saa ya MC. Mpiga picha huambiwa mwishoni. Kadi ikishachapwa, mwanga umeshagawanywa.

Kwa hiyo nimeona niziweke ratiba mbili kubwa tunazozitumia hapa, ya asubuhi na ya mchana, bega kwa bega, ili mchague mkijua mnachokipata na mnachokiacha. Nitagusa pia njia mbili za pembeni, halafu ndoa za Kiislamu, ambazo zina hesabu yake.

Kwanza, jua letu

Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na hilo lina maana mbili kwa bibi harusi. Ya kwanza: mchana wetu jua husimama utosini. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, linapita juu kabisa ya vichwa vyetu. Ukisimama saa 6:30 mchana kivuli chako kinakuwa chini ya viatu. Mwanga wa namna hiyo hutupa giza kwenye matundu ya macho, hung'arisha paji la uso na pua, na gauni jeupe linaungua kwenye picha mpaka nakshi zote za lesi zinapotea. Mekapu nzuri kiasi gani haisaidii hapo.

Ya pili: jioni yetu ni fupi. Wenzetu walio mbali na ikweta wana jua linaloteremka polepole, wanapiga picha saa nzima baada ya kuzama. Hapa likishazama, baada ya dakika ishirini hivi ni usiku. Mwanga laini, ule unaofanya ngozi ionekane kama imepakwa mafuta ya nazi, unaanza kama saa 10:45 na kuishia pale jua linapozama. Ni saa moja na nusu tu kwa jioni nzima.

Na saa ya kuzama haifanani mwaka mzima. Mwishoni mwa Mei jua linazama Dar mnamo saa 12:13 jioni. Oktoba na Novemba ni kati ya saa 12:16 na 12:25. Krismasi ikikaribia linasogea hadi saa 12:35, na mwanzoni mwa Februari ni saa 12:48. Watu huona kama tofauti ndogo, lakini dakika 35 kwenye siku ya harusi ni picha zote za wapambe. Mkiwa Mwanza mna raha zaidi, kwa kuwa jiji hilo lipo magharibi na saa zetu ni zile zile: Februari jua la huko linazama baada ya saa 1:00 usiku. Ratiba aliyokutumia binamu yako wa Mwanza usiinakili kama ilivyo ukiwa Dar.

Ratiba mbili, bega kwa bega

Nimechukua harusi ya kawaida: mekapu nyumbani au hotelini, ibada ya saa moja na dakika 45, picha za familia nje ya kanisa, eneo la picha lililo mwendo wa dakika 30 hadi 45, kisha ukumbi.

| Shughuli | Ibada saa 4:00 asubuhi | Ibada saa 8:00 mchana |
|---|---|---|
| Mekapu na nywele kuanza | saa 11:00 alfajiri | saa 2:30 asubuhi |
| Picha za kujiandaa | 1:30–2:45 asubuhi | 5:00 asubuhi–6:30 mchana |
| Kuondoka kwenda kanisani | 3:00 asubuhi | 7:00 mchana |
| Ibada | 4:00–5:45 asubuhi | 8:00–9:45 alasiri |
| Pongezi, picha za familia | 5:45–6:45 mchana | 9:45–10:30 alasiri |
| Chakula, kupumzika, kurekebisha mekapu | 7:00 mchana–10:15 alasiri | nafasi haipo |
| Njiani kwenda kupiga picha | 10:15–10:45 | 10:30–11:15 |
| Picha za maharusi na wapambe | 10:45–12:00 jioni | 11:15–12:10 jioni |
| Kuingia ukumbini | 1:30 usiku | 2:00 usiku |

Ukitazama haraka utasema zote zinafaa. Tatizo lipo kwenye kile kisanduku cha katikati, "nafasi haipo".

Ibada ya saa 8 mchana

Wengi huichagua, na wana sababu. Bibi harusi analala vizuri. Wageni kutoka mikoani wanafika. Mekapu inafanywa mara moja. Kamati haina chakula cha mchana cha kuwalisha wapambe na familia. Wageni wakitoka kanisani wanaenda nyumbani kubadilisha nguo na moja kwa moja ukumbini. Kwa fedha, hii ni nafuu, na siwezi kumlaumu yeyote anayeangalia bajeti.

Kwa picha za kujiandaa pia ina faida moja ambayo huwa naipenda. Saa 5 asubuhi chumba kimejaa mwanga wa dirishani, gauni limetundikwa, mama yupo, shangazi anafunga vifungo vya mgongoni. Kazi hiyo saa 1:30 asubuhi mara nyingi naifanya kwa taa ya chumbani.

Lakini ratiba hii haina akiba. Chochote kikichelewa kinakula mwanga wa jioni, kwa sababu picha za maharusi ndizo za mwisho kabla ya giza. Na kitu huchelewa. Kama parokia yenu hufungisha ndoa zaidi ya moja kwenye Misa moja, kila jozi itaapa, itavishana pete na itasaini cheti, na hiyo hesabu ya saa moja na dakika 45 mnaifuta. Muulizeni katibu wa parokia mapema: siku hiyo tupo wangapi?

Nimewahi kuishi siku hiyo. Ilikuwa Novemba, ibada ya saa 8, na ndoa nne. Bibi harusi alikuwa wa nne kusaini. Tulitoka kanisani saa 10:50. Matarumbeta yaliingia barabarani mbele yetu, msafara ukaenda mwendo wa kutembea, na tulipofika eneo la picha ilikuwa saa 12:20, mbingu bado ina wekundu lakini uso wa binti siuoni tena kwenye kioo cha kamera. Tuliwasha taa za magari mawili. Akasimama katikati ya mianga ile, ameshika maua, na nikaona midomo inamtetemeka kwa kujizuia asilie, kwa kuwa mekapu ingeharibika na ukumbi ulikuwa unamsubiri. Nilipiga picha kumi na tisa. Nne ndizo zilizoingia kwenye albamu. Mwaka ule ndio nilioanza kumwuliza kila mteja saa ya kanisa kabla sijamtajia bei.

Ratiba hiyo hiyo, wiki ya kwanza ya Februari mwaka uliofuata, ilitupa jioni nzuri mno. Tulichelewa vilevile, kama nusu saa, lakini jua lilikuwepo hadi saa 12:48. Saa 8 ya Februari na saa 8 ya Novemba ni ratiba mbili tofauti, hata kama kwenye kadi zimeandikwa sawa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ibada ya saa 8 naikubali kati ya katikati ya Desemba na Machi mwanzoni, mkiwa peke yenu kanisani na eneo la picha likiwa mwendo wa dakika 20. Nje ya hapo, ombeni saa 7:00 au 7:30. Ya saa 9, kwa anayetaka picha za nje, siishauri mwezi wowote, labda bustani ya kanisa lenyewe iwe nzuri na mkubali kupigia hapo hapo.

Ibada ya saa 4 asubuhi

Hii ndiyo ninayoitetea, na nitaeleza gharama yake kwanza ili msije mkasema niliwaficha.

Bibi harusi anaamka saa 10 usiku. Akiwa na kesha la familia usiku wa kuamkia, macho yatavimba mpaka mekapu haifichi. Mtu wa mekapu wa alfajiri huomba nyongeza, na wengine hutaka kulala hapo hapo. Kuna chakula cha mchana cha watu kama ishirini hivi: wapambe, wasimamizi, madereva, sisi wa picha na video. Kuna chumba cha kupumzikia. Na kuna mekapu ya kurekebisha saa 9:30 alasiri, ambayo lazima mwelewane na fundi wake tangu mwanzo, kwa sababu wengi wakishamaliza asubuhi wanaondoka kwa mteja mwingine.

Shida ya pili ni picha za familia. Zinaangukia saa 6 mchana, ule ule mwanga wa utosini niliousema. Hapa kuna dawa: kivuli. Wiki moja kabla, naenda kanisani saa 6 mchana na kuzunguka jengo. Baraza la upande wa kusini au kaskazini kutegemea mwezi, mwembe mkubwa, ukuta mweupe uliotazamana na kivuli. Mwembe ni mzuri lakini majani yakiwa haba hutupa madoa ya jua kwenye nyuso, mtu mmoja ana jicho moja linang'aa na lingine giza. Baraza ni bora zaidi. Msikubali kupangwa kwenye ngazi za mbele za kanisa saa sita mchana kwa sababu tu ndipo watu walipozoea. Watu arobaini wote watakuwa wamefinya macho.

Sasa faida. Masaa matatu ya katikati ndiyo yanayoiokoa siku. Misa ikizidi kwa dakika 40, mtapumzika kidogo pungufu, basi. Foleni ikiwa mbaya, basi. Bibi harusi anavua viatu, anakula wali wake kwa utulivu, analala hata nusu saa. Nimeona nyuso za maharusi saa 11 jioni kwenye ratiba zote mbili. Waliopumzika wanacheka kwa macho. Waliotoka kanisani moja kwa moja wanacheka kwa meno, na miguu inawauma, na kwenye picha inaonekana.

Kingine ambacho kamati husahau: wageni wa ukumbini. Kadi inasema saa 12:00 jioni. Watu waliochanga, waliotoka Mbagala na Kimara kwa nauli zao, wanakaa kwenye viti vilivyofungwa utepe hadi saa 3 usiku wakimsubiri mtu anayepiga picha. Mimi ni mpiga picha na kazi yangu naipenda, lakini jambo hilo linaniuma. Kwa ratiba ya asubuhi tunamaliza picha saa 12:00 kamili, maharusi wanabadilisha kinachobadilishwa, saa 1:30 wanaingia. Ukumbi una nguvu bado, watoto hawajalala, na picha za wazazi wakipokea maharusi zinakuwa na watu waliosimama na kushangilia kwa moyo.

Kuonana kabla ya ibada

Siku hizi wapo wanaoomba bwana harusi amwone bibi harusi kabla ya kanisa, hotelini au bustanini, na picha zote za wawili zipigwe hapo. Kwa ibada ya saa 8 hii inatatua karibu kila kitu: mnawahisha mekapu, mnapiga saa 4 asubuhi kivulini, mnaingia kanisani bila deni, mkitoka mnabakiza robo saa ya jioni.

Lakini mjue mnachokiacha. Kwa familia nyingi kwetu, baba kumleta binti hadi mlango wa kanisa, na bwana harusi kugeuka na kumwona kwa mara ya kwanza na shela lake, ndilo jambo lenyewe. Nimesimama kwenye madhabahu nyingi, pembeni anaporuhusu padri, lenzi imeelekea usoni mwa bwana harusi wakati ule, na sina picha ninayoithamini kuliko hiyo. Mkishaonana asubuhi, uso ule hauji tena. Na mama mkubwa akijua baadaye kwamba mlijificha, maneno yake yatadumu kuliko albamu. Ongeeni na wazee waziwazi. Wakikubali kwa roho safi, fanyeni. Wakisita, acheni, hesabu ya saa ina majibu mengine.

Picha siku nyingine

Hili ndilo jibu lingine, na halipewi uzito unaostahili. Harusi Jumamosi, picha Jumapili ya wiki inayofuata, alfajiri. Mnavaa tena, mwenye gauni la kukodi aongeze siku. Ufukwe wa Coco au wa Kigamboni saa 12:15 asubuhi hauna watu wengi, hauna foleni, upepo bado mpole, na shela halipigani na nywele.

Hapa niseme jambo la pwani yetu ambalo huwashtua wengi, na ndilo nililomwambia yule dada wa Novemba. Bahari ya Hindi ipo mashariki. Kwa hiyo Coco Beach, Mbezi na Kigamboni jua linachomoza baharini. Jioni linazama nyuma yenu, juu ya majumba. Picha ya jua likitua majini haipatikani hapo. Ukiitaka Dar, nenda upande wa pili wa rasi ya Msasani, kunakotazama ghuba kuelekea magharibi. Zanzibar ni vivyo hivyo: Mji Mkongwe, Kendwa na Nungwi mnapata machweo ya baharini, Paje na Jambiani mnapata macheo.

Na kwa Paje, waulizeni wavuvi kabla ya kupanga tarehe. Siku za bamvua, yaani bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa karibu saa 10 alasiri na hutoka mbali kabisa karibu saa 4 asubuhi. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, mambo yamegeuka. Nimeona maharusi waliosafiri kutoka bara kufuata bahari ya buluu wakakuta mchanga, mwani na mashua zimelala ubavu, bahari ni mstari tu kule mbali. Picha zilikuwa nzuri kwa namna yake, lakini sizo walizozitaka.

Wanachokikosa wanaopiga siku nyingine ni wapambe na ile hali ya siku yenyewe. Mkiwa na wapambe kumi na wawili waliovaa sare, hawatakusanyika tena wiki ijayo. Piga nao robo saa siku ya harusi, popote penye kivuli, na za wawili ziwe siku nyingine. Kwa bajeti ndogo na ibada ya alasiri, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote.

Ndoa ya msikitini na shughuli ya wanawake

Ndoa nyingi hufungwa baada ya sala ya alasiri, kwa Dar ni kama saa 10 kasoro. Bwana harusi anatoka msikitini na msafara wake saa 10:45, anafika kwa kina bibi harusi saa 11:30, anaingizwa chumbani kumpa mkono mkewe. Hapo hapo wakitoka nje wana dakika 40 za mwanga, na ukweli ni kwamba hawatoki, kwa sababu kila shangazi anataka picha kitandani pale palipopambwa. Mkitaka picha za nje, nikaha iwe asubuhi au baada ya adhuhuri. Msipozitaka, alasiri haina ubaya wowote: tengenezeni chumba. Kitanda kisiwe mbele ya dirisha. Dirisha liwe ubavuni, pazia jepesi jeupe, na taa za rangi zizimwe.

Tofauti kubwa na harusi za kanisani ni kupamba, shughuli ya wanawake pekee usiku. Saa haina tatizo, kwa kuwa mwanga wote ni wa taa. Tatizo ni amana. Wanawake wanavua mabuibui, nywele wazi, mikono yenye hina hadi viwikoni. Mpiga picha awe mwanamke na msaidizi wake awe mwanamke. Mtu wa taa na muziki naye aulizwe mapema, maana huko ndiko siri hupenyea. Simu zikusanywe mlangoni. Mimi kadi ya kamera namkabidhi mama wa bibi harusi kabla sijatoka, nasafisha picha kwa kompyuta yangu mbele ya mtu wao, na hakuna hata moja inayopanda mtandaoni. Anayewapa bei bila kuzungumzia hilo, muulizeni.

Mambo madogo yanayokula mwanga

Mekapu ndiyo mlaji mkubwa. Bibi harusi asiwe wa mwisho kwenye kiti. Awe wa pili kutoka mwisho, ili fundi akichelewa achelewe na mpambe. Mwambieni saa ya kumaliza ambayo ni nusu saa kabla ya ile halisi.

Eneo la picha liwe njiani kati ya kanisa na ukumbi. Kwenda Kigamboni kwa pantoni Jumamosi jioni msijaribu. Zungukeni na daraja la Kigamboni, au msiende. Bustani za hoteli na za makumbusho zina utaratibu wake wa ruhusa na malipo, ulizeni wiki mbili kabla. Daraja la Tanzanite linapendeza, lakini kusimama barabarani na gauni refu magari yakipita sikubali tena. Droni inahitaji kibali, na maeneo ya jirani na majengo ya serikali na ya jeshi tuyaache kabisa.

Ukumbini, mwambieni mtu wa taa azime zile za zambarau na kijani wakati wa keki na wakati wa kuwatambulisha wazazi. Taa nyeupe ya joto kwa dakika kumi tu. Ngozi zetu hazistahili kugeuzwa rangi ya bilinganya kwenye picha ambayo itatundikwa sebuleni miaka thelathini.

Na picha za familia ziandikwe kwenye karatasi. Makundi kumi na mawili, kila kundi dakika tatu, ni kama dakika 36. Makundi thelathini ni saa nzima na nusu na watu wanaanza kugombana. Karatasi hiyo apewe shangazi mwenye sauti na anayezijua pande zote mbili, maana mimi siwezi kujua nani ni baba mdogo. Waanze wazee. Machi mwaka huu, ibada ya saa 4, bibi mzaa mama alikuwa ametoka Lushoto, miguu imevimba kwa safari. Tulimwekea kiti cha plastiki barazani kabla umati haujatoka, shangazi akaita jina lake kabla ya mengine yote. Mjukuu akapiga magoti na gauni lake lote, bibi akalikunja shela kwa vidole viwili akalitazama lesi lake kwa karibu, kama anavyokagua kitambaa dukani, akatabasamu. Ilikuwa saa 5:52 asubuhi. Saa 6:00 alikuwa ameshapelekwa garini kwenye kivuli, anaomba chai.